Joto Lisilo na Baba

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili nimepewa na Bi Hesabu niandike hali ya jua kila siku: limewaka, limejificha, limenuna. Basi. Lakini kunipa mimi daftari zima niandike neno moja ni sawa na kumfungulia mbuzi shamba ukamwambia anuse tu. Nitaandika ninachotaka. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliniacha, hatujaelewana kuhusu hilo. Mwandiko wangu lakini hata daktari wa hapa hanipati. Yeye akiandika dawa, mfamasia huanza kuomba dua.

Mimi ni fundi wa hospitali. Fundi mkuu ni mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, na mimi ni fundi mkuu wa pili, cheo nilichojipa mwenyewe na hakuna aliyekipinga kwa maandishi. Wananiita Redio.

Mzigo wetu mkubwa ni pampu ya joto. Chukua friji uigeuze. Friji inachota joto kwenye maziwa na kulitupa mgongoni. Yetu inachota joto kwenye mabamba meusi yaliyolala juani juu ya paa, gesi inalibeba, kompresa inaikamua gesi mpaka inakuwa moto, na moto huo unaingia kwenye tangi la maji. Maji yanapita chini ya sakafu ya chumba cha joto, wanakolala watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Nje kipupwe kinang'ata masikio. Mle ndani ukiingia na koti unaonekana mgonjwa wa akili.

Bi Hesabu ni mhandisi aliyeletwa kujua kwa nini pampu inakula umeme kama ina mimba. Ana kompyuta, miwani, na viatu vinavyoogopa ngazi. Nampa wiki moja.

Jumanne, 3 Juni

Jua.

Alhamisi, 5 Juni

Dada amejifungua. Mimba ya miezi saba.

Aliyekuja kuniita ni Sista, muuguzi mkuu wa chumba cha joto, mwanamke ambaye akikohoa hata kompresa inapunguza sauti. Akanisimamisha kwenye kioo cha dirisha akanionyesha. Mtoto wa kike. Nimewahi kubeba spana nzito kuliko yeye. Nikamwambia hivyo Sista, hakucheka.

"Huyu hana mafuta mwilini," akasema. "Hajui kujipasha. Chumba kikipoa, naye anapoa. Umenielewa, fundi?"

Neno "kupoa" nalisikia kila siku: chai imepoa, injini ipoe kwanza. Leo limenishika shingo.

Dada amepasuliwa, yuko wodi ya wazazi na homa. Shemeji yuko kazini mbali, simu yake leo inaingia kesho haiingii. Dada aliponiona akauliza, "Hiyo mashine unayotuchosha nayo kila ukija kula, ndiyo inampasha mwanangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Ni nzima?"

"Dada, ile ikiumwa, daktari wake ni mimi."

Akacheka huku ameshika kidonda. Mimi nikaenda nyuma ya tangi nikakaa chini kidogo. Nilikuwa nimechoka.

Ijumaa, 6 Juni

Jua. Ahsante jua.

Jumatatu, 9 Juni

Wiki imekwisha na Bi Hesabu bado yupo. Leo nilimuuliza anapika nini kwenye hiyo kompyuta, na nimejuta kuuliza.

Ametengeneza pampu ya pili, ya hesabu tupu. Unaiambia jua ni kiasi gani, upepo kiasi gani, maji yameingia na ubaridi gani, nayo inapiga hesabu zake na kutoa jibu: tangi sasa hivi lingepaswa kuwa na joto hili. Halafu anaweka pembeni joto la kweli kutoka kwenye vipimo tulivyofunga. Mistari miwili kwenye kioo cha kompyuta. Ikienda pamoja, pampu ni nzima. Ikiachana, kuna ugonjwa. Nimeibatiza Pacha.

"Sasa mbona imeachana?" nikauliza, kwa sababu asubuhi ya leo ilikuwa imeachana.

"Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Pampu yenu asubuhi ina joto kuliko Pacha. Ugonjwa huwa unapunguza, hauongezi. Kuna joto kwenye tangi sijui limetoka wapi."

"Joto lisilo na baba."

Alicheka, mara ya kwanza. Mjomba alikuwa anafuta mikono mlangoni. Hakucheka.

"Mwanangu," akamwambia Bi Hesabu kwa upole, "pampu inapasha, watoto wanalala, wewe unalalamika joto limezidi. Labda kompyuta yako ndiyo ina homa."

Nilicheka na mjomba. Sasa nimekaa hapa naandika na naona sikuipenda ile sauti yake. Mjomba akipinga mtu hupiga kelele. Upole ameutoa wapi?

Jumanne, 10 Juni

Jua, na kiwingu kimoja. Nimekiangalia mpaka kikaondoka.

Alhamisi, 12 Juni

Bi Hesabu anamwambukiza Pacha magonjwa. Nisingeamini kama nisingeona. Anampunguzia gesi, anaangalia mistari. Anamrudishia gesi, anamchosha kompresa. Anampa kutu ya mabomba, anampa vumbi la paa. Kila ugonjwa una alama zake kama surua na tetekuwanga, na alama zikifanana na za pampu ya kweli, umeujua. Hakuna hata mmoja uliofanana. Kila mara asubuhi inaharibu: lile joto.

Akanionyesha jambo jingine ambalo natamani asingenionyesha. Alimpa Pacha upungufu wa gesi, akampa na siku tatu za mawingu. Mchana wa jua mgonjwa yule haonekani kabisa, kwa sababu jua linambeba. Wingu likikaa, mstari wa chumba cha joto ukateremka kama mtu aliyeteleza ngazini.

"Huu ni mfano tu," akasema, kwa kuwa aliniona uso.

"Mfano wa nani? Mle kuna mpwa wangu."

Alikuwa hajui. Akaivua miwani, akaiweka mezani.

Ndipo akamuuliza mjomba mbele yangu: kwenye tangi kuna hita ya umeme ya akiba, je, kuna mtu anaiwasha? Mjomba akasema, "Ile? Nilikata waya wake zamani." Bi Hesabu akasema, "Sawa, mzee." Akafuta swali kwenye karatasi yake, na mimi nikashusha pumzi. Mjomba akisema waya umekatwa, umekatwa.

Akaomba basi tuyafunike mabamba ya paa na mashuka mchana mmoja, tuone pampu bila jua ilhali jua lipo la kutuokoa. Sista akamjibu kwa neno moja ambalo halikuwa ndiyo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia dada kila kitu kiko sawa. Homa haijashuka. Mtoto sasa ana jina la utani, Kidole. Nimempa mimi. Dada amesema nitamtafutia jingine kabla hajajua kusikia.

Jumatatu, 16 Juni

Wingu. Zito, la rangi ya bati. Limekaa siku nzima kama mgeni aliyeacha mizigo mlangoni.

Jumanne, 17 Juni

Wingu.

Sikuweza kukaa nyumbani, nikaja kazini kabla hakujapambazuka vizuri. Nilijiambia naja kufagia. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi, taa imezimwa. Mjomba alikuwa ndani amechuchumaa ubavuni mwa tangi, na mkono wake uko kwenye swichi ambayo sijawahi kuiona. Imefungwa nyuma, chini, pale ambapo lazima ulale ndipo uione. Waya unatoka kwenye swichi unaingia kwenye hita moja kwa moja. Haupiti kwenye kikata umeme. Haupiti popote.

Aliniona, hakuondoa mkono.

"Mjomba," naye akaniita hivyo, kama tunavyoitana mimi na yeye, "funga mlango, baridi."

Nikafunga. Nikamwambia, "Ulisema umeukata."

"Niliukata wa zamani. Huu ni mpya." Akajaribu kucheka. "Tangu baridi ianze, asubuhi pampu haifiki. Ukishika bomba unajua. Naiongezea kidogo, jua likitoka nazima. Kidogo tu. Na tangu huyu mtoto wa dada yako aje, naiongezea zaidi kidogo."

"Kwa nini hukumwambia Bi Hesabu?"

"Nimwambie nini? Kwamba pampu niliyoifunga kwa mikono hii inakufa na sijui inakufa na nini? Nimeitafuta, mjomba. Nimeitafuta kila mahali." Akapapasa bomba kwa kiganja. "Ukisema, watanitoa. Wakinitoa, nani atakuja kuiwasha alfajiri?"

Huyu ndiye mtu niliyekuwa najua haogopi kitu. Nimemwona akishika nyaya wengine wakikimbia. Kumbe kila asubuhi amekuwa akija hapa kuogopa peke yake gizani.

Nilimwahidi kunyamaza. Kisha nikaenda kumwangalia Kidole kiooni, nikahesabu akipumua mpaka nikapotea.

Jumatano, 18 Juni

Wingu. Leo Redio imezimwa. Bi Hesabu ameniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 19 Juni

Wingu. Mvua nyembamba, ya kuudhi tu.

Niliahidi kutosema, na sikusema. Niliuliza.

Tulikuwa watatu kwenye meza ya Bi Hesabu. Mjomba alikuwa amekuja kuchukua ngazi. Mistari imeachana, Bi Hesabu amekaa ameshika kichwa, macho mekundu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hivi kwa mfano, kwa mfano tu, ukimwekea Pacha hita ya tangi alfajiri, ukaizima jua likitoka, anakuwaje?"

Mjomba aliiegemeza ngazi ukutani polepole kama inaweza kulipuka.

Bi Hesabu akaandika. Kompyuta ikafikiri. Mstari wa asubuhi wa Pacha ukapanda, ukaenda ukalala juu ya mstari wa kweli kama shuka juu ya godoro. Hakunitazama mimi. Alimtazama mjomba, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Shikamoo, mzee," akasema, ingawa walikwishasalimiana asubuhi.

"Marahaba," mjomba akaitikia kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

"Nilikuwa na kipimo cha umeme mfukoni siku ile. Ningekishika kwenye waya, ningejua papo hapo. Lakini ulikuwa umesimama pale umesema umeukata. Kupima mbele yako kungekuwa kukuita mwongo, na wewe ni sawa na baba yangu. Nikaona haya. Kwa hiyo kosa tumegawana."

Akamrudia Pacha. Sasa hita ikiwa ndani ya hesabu, akamwambukiza tena magonjwa yote. Kompresa iliyochoka, hapana. Kutu, hapana. Gesi pungufu: mistari ikashikana toka asubuhi mpaka jioni, bomba kwa bomba.

"Inavuja," akasema. "Polepole, na sasa imebaki kidogo. Kama si hita yako, wingu hili lingekuwa limeshatufikisha pale mstari wa chumba ulipoteremka."

Mjomba alichukua ngazi akatoka. Mlangoni alinipita bila kuniangalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Kofi ningelipenda.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika jioni.

Wingu tena. Asubuhi nilifika nikakuta harufu ya plastiki inayoungua. Ule waya ulikuwa umeiva. Mjomba alikuwa ameshaukata na koleo, kweli safari hii, na ukuta nyuma ya tangi umekuwa mweusi kama chini ya sufuria. Angechelewa kidogo, nisingekuwa naandika kuhusu baridi.

Hita imekufa. Pampu ina gesi ya kuombaomba. Jua hakuna. Sista akaja mwenyewe chumba cha mashine, hajawahi kukanyaga pale, akasimama katikati ya spana zetu.

"Chumba kimeanza kushuka. Nipeni jibu, msinipe matumaini."

Bi Hesabu alikuwa tayari ameshamuuliza Pacha. Tukiiacha pampu ikohoe hivi, chumba kitashuka kidogo kidogo mchana wote, na usiku hakitashikika. Tukiizima sasa hivi na kuifungua, sakafu ina joto ililoliweka, itatuvumilia mpaka adhuhuri, halafu joto litaanguka. Kwa hiyo ama tutibu kabla ya adhuhuri, ama tusiguse.

"Na hesabu yako ikikosea?" Sista akauliza.

"Ikikosea, itakosea na mtoto wa watu," Bi Hesabu akasema. "Najua."

Sista akamgeukia mjomba. "Wewe unasemaje? Na uniambie kweli, maana nimesikia ya hita. Ungeniambia mimi, ningewapanga akina mama mapema."

Mjomba akasema, "Gesi sikuiona mimi. Kaiona yeye. Tufungue."

Pacha alikuwa amesema ugonjwa. Kidonda kiko wapi hakusema. Tukapanda paani na ndoo ya povu la sabuni, mjomba akipaka kila kiungio, mimi namulika. Upepo ulikuwa unapita ndani ya shati kama una funguo. Kiungio cha mwisho kabisa, chini ya bamba la kona, povu likafanya kipovu kimoja. Kikapasuka. Kikaja kingine. Kidogo kuliko jicho la kuku.

"Hiki," mjomba akasema. "Hiki ndicho kimenifanya mwongo."

Alikuwa anawasha moto wa kuchomelea nilipoitwa kutoka chini. Sista. Watoto wote wanawekwa vifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, maana kifua ndicho chenye joto la uhakika. Dada ana homa na anatetemeka, hawezi. Ndugu wa karibu ni nani?

Nikamtazama mjomba. Bila kuondoa macho kwenye moto akasema, "Mimi nina moto wangu. Nenda kwa wako."

Sista alininawisha mpaka viwiko kama ananikwangua masizi, akanivua shati.

"Una nywele kifuani?"

"Mbili, Sista. Tunafahamiana."

"Kaa. Usiongee. Utaweza?"

Akaniwekea Kidole. Akatufunga na kitambaa, akatufunika blanketi. Ilikuwa kama kuwekewa ndege aliyeloa. Alikuwa wa baridi. Si sana, ila wa baridi, na nilimsikia kwa ngozi yangu kabla sijaelewa kwa akili. Kichwa chake kinaenea chini ya kidevu. Akawa anapumua, halafu anaacha. Anaacha kabisa. Mimi pia naacha. Halafu anaanza tena, na mimi naanza. Nikamwambia Sista kwa macho, naye akasema, "Hivyo ndivyo wanavyofanya, msugue mgongo," akaenda kwa mwingine. Alisema kama jambo dogo. Sijawahi kuogopa hivi. Hata siku mama alipofariki nilikuwa nalia, sikuwa naogopa. Yaliyotokea yalikuwa yameshatokea.

Nimezunguka na mdomo huu miaka yote nikijisifu napasha hospitali nzima. Leo nilikuwa napasha mtu mmoja, na sikujua kama natosha. Hakuna mstari wa kunionyesha. Juu ya dari nilisikia hatua za mjomba, nyundo, kimya. Kimya kirefu, cha pampu nyingine ndogo inayonyonya hewa mabombani kabla ya kujaza gesi mpya, ambayo huwezi kuiharakisha hata ukiitukana. Adhuhuri ikapita. Akina mama waliokuwa wanapiga soga wakanyamaza mmoja mmoja. Nikaona mvuke mdomoni mwa mmoja, au nilidhani nimeuona.

Kompresa ilipoanza, sikuisikia kwa masikio. Ilikuja sakafuni, kwenye nyayo.

Mjomba alisimama mlangoni na mikono myeusi, hakuvuka kizingiti.

"Anaendeleaje?"

Nilikuwa nimekatazwa kuongea. Nikamwonyesha: kidole kimoja cha mtoto kilikuwa kimeshika nywele moja kati ya zile mbili za kifua changu na hakiachi.

Jumamosi, 21 Juni

Wingu. Chumba kinashika. Dada homa imeshuka. Amesikia habari zote kutoka kwa wagonjwa wenzake, na zimeongezwa chumvi bila mimi kusaidia.

"Ulinidanganya," akasema.

"Nilikuwa naogopa."

"Siku nyingine uje tuogope wote."

Jumatano, 25 Juni

Mawingu yamefunguka usiku, na alfajiri ya leo ndiyo ya baridi kuliko zote. Hii ndiyo iliyokuwa inangojwa. Pampu peke yake, bila hita, kabla ya jua.

Bi Hesabu alituachia kompyuta juu ya kreti. Tulikaa mjomba na mimi. Hatujazungumza vizuri tangu lile swali langu. Yeye alikaa juu ya ndoo, na mikono yake ameikalia. Nilidhani ni baridi. Kumbe alikuwa anaizuia.

Mstari wa pampu ukashuka. Wa Pacha ukashuka nao.

"Unashuka," akasema.

"Hata wa Pacha unashuka. Bi Hesabu kasema utashuka kidogo, halafu utasimama."

"Pacha hana mtoto mle ndani."

Nikarudi kwenye mistari. Ukashuka tena. Nilikuwa napatazama pale nyuma ya tangi palipokuwa na swichi, ukuta mweusi, matundu mawili ya skrubu, na naapa kama ingekuwepo ningeiwasha mimi kabla yake.

Ikasimama. Yote miwili. Ikakaa hapo, bapa kama maji ndani ya beseni.

Tuliendelea kuangalia, hakuna aliyemwamini mwenzake kupumua. Kisha mjomba akatoa mikono chini ya makalio, akaitazama, akainuka akaenda bombani. Nikamsikia akinawa, akisugua kwa brashi ya waya tunayosugulia vyuma. Sista amemruhusu leo ampakate Kidole kifuani, nusu saa.

"Mjomba," akaniita kutoka kule, "ukiuona unateremka, usifanye kitu. Niite tu."

Akaenda. Nimebaki na mistari miwili. Bado naogopa. Sijagusa kitu.